Neno Kuu la Masele

Alikataa, ndiyo. Sasa wewe ungefanyaje? Kashaija alikuwa ameapa, tena mbele ya Masele mwenyewe, nyumbani kwake Igoma, siku alipomwekea kwenye kompyuta toleo jipya la ile programu ya kutunza maneno ya siri.

Programu yenyewe, kama wanavyoieleza waliosoma, ni kama sanduku. Namba zako zote unazitia humo, wewe unabaki na neno moja tu kichwani, neno kuu. Ukilisahau, umekwisha. Toleo jipya ndilo lililoleta mlango wa mrithi: mwenyewe akifa, fundi aliyeiweka anakuja na neno lake, anaufungulia ukoo.

"Sikiliza, mwalimu," Masele akamwambia. "Hata nikija mimi mwenyewe nalia kwamba nimelisahau, nikatalie. Majambazi wamejaa siku hizi, huenda nimeshikiwa bunduki. Fungua siku ukiniona maiti."

Kashaija akaapa. Ndiyo maana simu ilipolia kule misheni ya Sengerema alikokuwa anafundisha, sauti ikasema, "Mwalimu, ni mimi Masele, neno limenipotea," yeye akaikata. Ikalia tena. Akaikata tena.

Kesho yake akaletewa habari. Masele kafariki, njoo upesi.

Akapanda pantoni pale Kamanga kuvuka ziwa. Masele mzima kama dume la ng'ombe, afe tu hivi hivi? Na ile sauti kwenye simu, ilikuwa ya nani?

Basi akafika, akaukuta msiba wa ajabu. Turubai hakuna. Moto wa wanaume nje hakuna. Katekista hayupo, majirani wanapita na vikapu wanakwenda zao sokoni. Waliokuwepo ni mjane, Modesta, na binti yake Dorcas, na Shigela, mdogo wake Masele, jitu la miraba minne, kashika panga anapasua kuni.

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa. Kompyuta iko huku, mwalimu."

"Ngoja nimuone kwanza."

Wakampeleka chumbani, wakafunua shuka kidogo. Uso umepauka, pamba puani. Kashaija hakutazama mara mbili. Maiti alikuwa anaziogopa tangu mtoto.

"Kaumwa nini?"

"Tumbo," akasema Modesta.

"Kichwa," akasema Shigela, saa ileile.

Wakatazamana.

"Na mnazika lini?"

"Wewe fungua kwanza," akasema Shigela. Panga bado analo.

Aliyekuwa na machozi ya kweli ni Dorcas peke yake. "Mwalimu, ndege yangu ni kesho! Pasipoti iko kwenye sefu, namba ya sefu imo humo ndani. Nisipofika, chuo kinampa mwingine nafasi yangu."

"Baba yako hajazikwa, binti, unawaza ndege?"



"Sefu hiyo imeshanivunjia misumeno," akasema Shigela. "Acha maneno, mwalimu. Fungua."

Hapo ndipo Kashaija alipojumlisha mambo. Wamemuua. Wamemuua mtu wao kwa ajili ya sefu, na sasa shahidi ni yeye. Akakaa kwenye kompyuta. Akakosea neno, akarudia. Sanduku likafunguka. Modesta akaisoma ile namba kwa sauti, Shigela akazungusha, mlango wa sefu ukalia ngaa! Dorcas akaikumbatia pasipoti yake kifuani, akapiga kigelegele.

Kigelegele, msibani!

Kashaija akabeba mkoba wake. "Basi mimi niwahi pantoni."

Shigela akamtangulia mlangoni, akatia komeo. "Huendi popote, mwalimu. Ukitoka hapa utakwenda kusema."

"Sitasema, ndugu yangu. Nina watoto."

"Kaa chini."

Akakaa. Akaanza Salamu Maria kimyakimya, akachanganya na Baba Yetu. Akasikia Modesta anatoka jikoni, anaweka kitu mkekani, na harufu ya ugali na sato wa kuchemsha ikajaa chumba. Yule mama akajipangusa mikono kwenye kanga, akageukia kule chumbani.

"Baba Dorcas! Amka, ugali unapoa."

Masele akatoka anajikuna tumbo, uso bado mweupe kwa unga, akasema, "Simu uliikata, mwalimu, sasa ningefanyaje?" akaomba maji ya kunawa, akamvuta Kashaija mkono. Wakakaa wote, wakala.