Koo la Haoran

"Usitoe hata neno," Suhua alinong'ona, akamketisha Tomás mbele ya qin, ala ya nyuzi saba iliyolazwa mezani. Kijana yule wa Peru akaitikia kwa kichwa, akaanza kupiga.

Nyuma ya pazia mzee Qiu, kipofu wa miaka tisini, akaacha kukohoa. "Umekuja, mjukuu wangu! Suhua, hebu lete uji."

Uji! Mzee aliyekuwa akidonoa chakula kama kuku mgonjwa tangu mjukuu wake Haoran aiache qin, akaenda Shanghai kupiga gitaa. Suhua aliingia jikoni akilia.

Balaa lilikuwa limeanza mlangoni, siku chache kabla. Tomás, mwanafunzi wa chuo hapo Yangzhou, alikuja mara mbili kuomba afundishwe, na mara zote Suhua alimfukuza. Ufundi wa akina Qiu ampe mgeni? Baba si angekufa kwa uchungu! Mara ya tatu kijana akajipenyeza mpaka sebuleni, akapiga kipande alichojifunza mwenyewe. Mzee akapaza sauti kwa furaha: Haoran amerudi! Suhua akakosa moyo wa kumkatalia. Tangu siku hiyo akawa anamfundisha Tomás kila alasiri, apende asipende.

Uongo ule ulimtafuna. Kila bakuli baba yake alilomaliza, yeye alijiona mwizi.

"Mbona Haoran siku hizi hasemi?" mzee aliuliza.

"Koo linamsumbua, Baba."

"Koo, mwezi mzima? Maskini weee! Mchemshie peasi na sukari ya mawe."

Peasi akala Tomás. Mzee akacheka peke yake mpaka akapaliwa.

Mkesha wa mwaka mpya mzee akaagiza aletewe mjukuu wake, amkabidhi qin. Hapo Suhua akapiga magoti.

"Nisamehe, Baba. Huyu si Haoran. Ni mgeni, katoka Peru huko. Nimekudanganya ndani ya nyumba yako mwenyewe."

Mzee akapapasa hewani, akaupata mkono wa Tomás, akauweka juu ya nyuzi.

"Vidole vya mjukuu wangu nisivijue? Kila ukienda sokoni Haoran hunipigia gitaa lake kwenye simu, na mimi namwambia aongeze sauti. Huyu katumwa na yeye, nilipomwomba anitafutie mtu wa kuirithi qin. Ila ningekwambia ni mgeni, Suhua mwanangu, ungemfundisha?"