Mstari wa Kalamu

Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari tena.

Binti aliinama mpaka pua yake ikakaribia tumbo la mama. Mstari ule nesi aliuchora Jumatatu kwa kalamu ya wino, kuzunguka kidonda cha upasuaji. Alisema wekundu ukibaki ndani ya mstari, kidonda kinapona. Ukitoka nje, vijidudu vinashinda. Leo ilikuwa Jumatano, na wekundu ulikuwa umetoka nje upana wa vidole viwili.

"Kinauma, mama?"

"Kidogo. Usinitolee macho hivyo, mimi si maiti."

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu mama atolewe uvimbe. Nyuzi zilitolewa vizuri, siku ya kumi na mbili. Lakini mara mbili kidonda kilikaribia kufunga, na mara mbili kikarudi kutoa usaha. Nesi, aliyekuja nyumbani kila Jumatatu na Ijumaa, hakuficha kitu.

"Ijumaa nikikuta hali hii, anarudi kupasuliwa tumsafishe ndani," alisema. "Na kwa umri wake, na presha yake hiyo, siwezi kukuahidi kwamba ataamka."

Tangu upasuaji binti hakutulia. Alichemsha maji, akachemsha vitambaa, akafua shuka, akazianika, akazipiga pasi, kisha akaona inzi mmoja dirishani, akazifua upya.

Alichoogopa zaidi ni mikono ya watu. Mlangoni aliweka ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni, na hakuna aliyepita bila kunawa. Yeye mwenyewe alinawa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Nesi alimkosoa mara moja tu.

"Panda juu, dada. Mpaka kwenye viwiko. Kunja hiyo mikono ya gauni."

"Mwache," mama akawahi kusema. "Ana baridi."

Ilikuwa saa saba mchana, na mabati ya paa yalikuwa yakialika kwa jua.

Binti alimshuku mama mdogo, ambaye kila siku alikuja kumwona dada yake akiwa na kikopo cha unga wa majani mfukoni.

"Nawa, mama mdogo."

"Nimeoga asubuhi. Mimi bata, nishinde majini?"

"Nawa."

"Haya, askari wa mpakani. Na pasipoti nitoe?" Akalowanisha ncha za vidole. "Lakini ungeniacha nimnyunyizie kidogo tu, kwa juu. Mbuzi wangu alipona kwa siku tatu."

"Mama si mbuzi."

"Najua. Mbuzi anasikia."

Mama alicheka huku ameshika tumbo. Binti hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kikopo.

Simu ikalia. Binti aliiangalia ikilia mara tatu, mara nne, ndipo akaipokea. Alikuwa mumewe. Alipiga kila siku saa hiyo.

"Kimefunga?"

"Bado."

"Kidonda gani hicho kisichokwisha? Nilikuruhusu umuuguze mama yako, si kuhamia. Siku kikifunga nakuja kukuchukua, siku hiyohiyo."

"Sawa."

Alipokata simu, mama aliuliza, "Anasemaje?"

"Amenikumbuka tu."

Mama akageukia ukutani.

Alhamisi binti alichoka kushuku bila kujua. Aliacha simu juu ya stuli, akabeba kikapu, akasema kwa sauti kwamba anakwenda duka la dawa kununua shashi za kufungia kidonda. Akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama jikoni nyuma ya pazia. Kutoka pale kitanda kilionekana chote. Moyo ulimwenda mbio utadhani yeye ndiye mwizi.

Mama mdogo alifika. Binti akakaza macho. Mama mdogo alinawa, tena kwa sabuni, tena mpaka kwenye viwiko, huku akinung'unika peke yake, "Mtoto huyu atanitoa ngozi." Akaketi mbali na kitanda, akawasengenya majirani wawili watatu, akaaga. Kikopo hakukigusa.

Binti aliona aibu. Kama si yeye, basi ni nini? Maji? Zile shuka? Au ni mikono yake mwenyewe, aliyoisugua wiki tano nzima?

Simu ikalia juu ya stuli. Mama akanyoosha mkono, akaipokea.

"Ametoka kidogo, mkwe wangu. Kidonda? Hapana, bado. Bado kabisa. Kikifunga nitakupigia mimi mwenyewe."

Akairudisha simu mahali pake. Akategea sikio mlangoni kidogo. Kisha akainama kwa taabu, akaokota ndala yake chini ya kitanda, akasugua kidole kwenye soli mpaka kikawa cheusi. Akainua ukingo wa plasta, akakiingiza kidole ndani, na kwa mkono wa pili akajiziba mdomo asipige kelele.

"Mama!" Pazia liling'oka na msumari wake. "Unafanya nini? Unataka kufa?"

Mama hakushtuka. Aliubandika tena ukingo wa plasta, polepole, mpaka ukashika.

"Mimi wakinipasua tena, yupo daktari wa kunishona," alisema. "Wewe nikikurudisha kwa yule, atakushona nani?"