Hodi ya Ukutani

Siku ya tatu mfululizo, ukuta haukubisha hodi.

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akatega sikio. Kimya. Kwa miaka sita, kila asubuhi alipoanza kushona, chumba cha pili kilimsalimu: ngo, ngo, ngo! Naye, bila kuinuka, alipaza sauti, "Karibu, mdogo wangu!" kisha akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi, ili jirani yake ajue dada mtu yupo na ni mzima wa afya.

Hodi ile ndiyo iliyomfanya akipende chumba chake. Bila hiyo, nani angekipenda? Bomba lilikuwa moja, huko uani, na magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda ngazi na ndoo. Bati lilivuja palepale juu ya kitanda, na ukihamisha kitanda, nalo linahamia. Lakini alikuwa na jirani, muuguzi mpole asiye na makuu, ambaye kila akianza sentensi Fundi alikuwa ameshaimalizia. Walielewana mno.

Ndiyo maana mwenye nyumba alipojenga zile ghorofa mpya ng'ambo ya barabara, zenye maji mpaka jikoni, Fundi hakuumiza kichwa. Wapangaji waligawiwa fomu. Aliyeridhika abaki, asiyeridhika ahamie kule, nafasi zikiwapo. "Je, umeridhika na makazi yako ya sasa?" Fundi akatia alama ya vema kwenye Ndiyo. "Sababu?" Akaandika neno moja tu: Jirani.

"Hatuendi popote, au siyo?" alimuuliza muuguzi pale bombani siku hiyo hiyo.

Muuguzi alimtazama kwa macho mekundu. "Tutaona, dada."

Maskini, amelia tena kwa upweke, Fundi alijiambia. Huruma ikamshika. Tangu hapo akaongeza bidii ya kumtembelea, hasa asubuhi, maana ndipo alipokuwa na uhakika wa kumkuta. Akaanza pia kumshonea zawadi ya siri: pazia zito lisilopitisha hata chembe ya mwanga. Muuguzi mwenyewe aliwahi kusema anatamani kitu kama hicho. Kitambaa kilikuwa kigumu, sindano mbili zilivunjika, na Fundi alilishona siku tano nzima, akianza alfajiri.

Sasa pazia lilikuwa tayari, na ukuta umenyamaza.

Alilikunja, akalibeba kwapani, akaenda kugonga mlango wa pili. Ulifunguka wenyewe. Ndani hamkuwa na kitu, ila msumari mmoja na vumbi la mahali kabati liliposimama. Kwenye ukuta wao, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, rangi ilikuwa imebanduka kwa kugongwa miaka yote ile. Fundi alipapasa pale kwa vidole, machozi yakimlengalenga.

"Alihama juzi ulipokwenda kununua nyuzi," alisema mke wa seremala, aliyekuwa akianika nguo kwenye ujia. "Yuko kwenye zile ghorofa mpya. Ina maana hukuambiwa? Na mlivyokuwa chanda na pete!"

Fundi alishuka ngazi mbiombio, magoti yakilia, pazia bado liko kwapani. Njia nzima alizungumza peke yake. Amenigeuka. Miaka sita, halafu ananipa kisogo bila hata kuniaga! Mimi nimekataa maji ya jikoni kwa ajili yake, nimebaki na ndoo na bati bovu, kumbe mwenzangu anafunga virago nyuma ya mgongo wangu. Alipofika kwenye ofisi ya mwenye nyumba, hata salamu hakutoa.

"Nataka kuhama," alisema hatimaye.

Karani alifungua jalada, akapitisha kalamu juu ya orodha. "Nafasi zimekwisha, mama. Ya mwisho alipewa jirani yako."

"Mlimlazimisha!"

"Hatukumlazimisha mtu. Fomu alijaza mwenyewe."

"Yule hawezi kuniacha hivihivi. Mmemrubuni. Nionyeshe alichoandika."

Karani alimtazama juu ya miwani yake, kisha akaitazama fomu, kisha akamtazama tena. "Mama yangu, hebu tuyaache haya."

"Sitoki hapa!"

Karani alishusha pumzi, akaigeuza karatasi.

Fundi aliinama. Mwandiko ulikuwa wa muuguzi kabisa, ule mzuri wa kuandikia vyeti vya wagonjwa. Na pale penye Sababu paliandikwa neno moja kubwa: Jirani.

Hasira zote zilimwishia. Akaketi kwenye benchi, akalipakata pazia, akacheka huku anafuta machozi. "Umeona? Umeona mwenyewe? Neno lilelile nililoandika mimi! Nilijua tu, mdogo wangu hawezi kunitupa."

Karani aliweka ncha ya kalamu kwenye swali la juu, ambapo alama ya vema ilikuwa imetiwa kwenye Hapana. Kisha akaiteremsha taratibu hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye mstari wa maelezo zaidi, ulioandikwa kwa herufi ndogo:

"Nafanya kazi usiku, nalala asubuhi. Kila nikigonga ukuta kumwomba aache kushona, ananijibu, 'Karibu!'"