Jina la Bi Zamoyoni

Mtoto wetu alizaliwa katika nyota ya Nge, na majina ya Nge yote yalikuwa na wenyewe. Sheria ya mji wetu kila mtu anaijua: jina likikosekana, mama huchagua mtu mzima wa nyota hiyohiyo, na jina la mtu huyo humhamia mtoto.

Katika familia yetu Nge walikuwa wawili, mama yangu mzazi na mama mkwe wangu, Bi Zamoyoni. Huyu ndiye aliyemwambia mume wangu kabla ya harusi kwamba nyota yangu ina nuksi. Sasa alikuwa amepiga magoti, ananikanda kiuno kwa maji ya moto.

"Jina umeshalipeleka kuandikishwa, mwanangu?"

"Nimeshalipeleka, mama."

"La mama yako, bila shaka. Yule ni mgonjwa, hatalihitaji sana."

"Maji yamepoa," nilimwambia.

Akabeba beseni, akatoka kwenda kuyamwaga. Mlango ukajifunga nyuma yake kama kawaida. Nikamsikia akitaja jina lake ili afunguliwe, kama tunavyofanya sote.

"Zamoyoni yumo ndani," mlango ukamjibu. "Amelala."

Akalitaja tena, kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akaanza kuupiga mlango kwa viganja. Mtoto akashtuka, akalia. Mume wangu akatoka chumbani amekunja uso.

"Nani huyo anatuamshia mtoto?"

Nilimpa mwanangu titi, akanyamaza.

"Muulize jina lake," nikasema.