Chumba cha Pili cha Mashine

"Usiizime," Sijaona alisema. "Kilichomo humo kikipotea, sijui nitauliza wapi tena."

Fundi Chabani aliigeuza ile kompyuta ya mkononi ikamtazama. Tangu asubuhi mizinga ilikuwa ikilia upande wa vilima vya juu ya Kamenge, lakini hapa mtaani Nyakabiga watu waliendelea kununua nyanya mbele ya mlango wake.

"Mama Houda, disiki ni kama nyumba. Massoudi aliikata vyumba viwili. Hiki cha kwanza, C, kinaumwa, lakini kitapona. Cha pili, D, kimefungwa. Kinaomba neno la siri. Tujaribu jina la mtoto?"

"Jaribu we."

Akajaribu Houda. Akajaribu mwaka wa ndoa. Mashine ikakataa.

"Huyu bwana alifunga hata sukari," Chabani alisema. "Kazini tulikuwa tunamucheka kila siku."

Sijaona hakucheka. Eda yake ilikuwa imeisha wiki mbili tu. Mumewe, Massoudi, alikuwa akiwachapia watu, bila malipo, maelezo ya ndugu zao waliochukuliwa. Vitisho vilipoanza, akahamia kulala mtaa wa Mutanga Nord, na mahali penyewe akawaambia mkewe na wenzake wanne wa meza moja kazini, basi. Usiku wa tatu walimfuata hukohuko na bunduki. Kuna mtu aliyewaleta. Jina la mtu huyo ndilo lililomnyima Sijaona usingizi, hata baada ya kuswali.

"Hospitali aliishi siku mbili," alisema taratibu. "Taya limefungwa bandeji, kusema hawezi. Mashine iko magotini."

Chabani aliinua macho. "Aliandika?"

"Fungua, tuone."

Vidole vya fundi vilisimama juu ya herufi. Kisha akaonyesha maandishi madogo chini ya kioo. "Hii ndiyo hatari. Ukiikubali, inarudisha mashine kama ilivyotoka dukani. C na D, vyote vinafagiliwa. Mutu mwenye akili hagusi hapo."

"Nimesikia hivyo."

"Kwani uliwapelekea na wenzetu wa meza?"

"Ilyasi. Rachidi. Jovithe."

"Wakasema nini?"

"Walinirudishia."

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Sijaona akaomba pa kuswali. Chabani akamtandikia kartoni safi nyuma ya pazia, akamwekea na birika la maji, kwa adabu zote.

Aliswali rakaa zake nne. Ng'ambo ya pazia alisikia herufi zikibonyezwa, halafu kimya kirefu, halafu kitufe kimoja. Disiki ikaanza kusaga. Akatoa salamu kulia na kushoto, lakini hakuinuka. Alivuta tasbihi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyingine tena, mpaka kule kusaga kukakoma. Ndipo akafunua pazia.

Kioo kilikuwa kipya, kinang'aa, kikimkaribisha kwa Kifaransa na kuuliza jina la mwenye mashine. Chabani alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, ingawa kazi yake haina mafuta.

"Pole sana, mama. Disiki imejifuta yenyewe. Mi sikugusa kitu. D imekwenda."

"Hata kidogo hakikubaki?"

"Apana. Hata Ulaya hawawezi kukirudisha. Hata jina moja."

Sijaona alimtazama. Alikumbuka jinsi kijana huyu alivyolibeba jeneza la Massoudi upande wa mbele, akalia kuliko ndugu wa damu.

"Sasa ulale, mama," Chabani alisema. "Mambo ya Mungu tumwachie Mungu."

"Mungu akulipe kwa kadiri ya kazi yako."

"Amina," akajibu haraka.

Sijaona akaifunga mashine katika kitenge, akatoka juani. Sasa jina alikuwa nalo, na pa kulipeleka alipajua. Ilyasi, Rachidi na Jovithe, kila mmoja kwa siku yake, walimrudishia chumba cha pili kikiwa kimefungwa vilevile, wakimsihi asimruhusu mtu kukifagia. Neno la siri alilitia yeye mwenyewe, siku eda ilipoisha, kama Massoudi alivyomfundisha. Na ndani hakuweka kitu.