Mlolongo wa Pofu

Nyikani, kura za maoni za kumpata mjumbe zilipigwa kwa kupanga mlolongo nyuma ya mgombea. Pofu mpole, mjumbe wao wa siku zote kwa Kiboko mwenye mto, alipata Digidigi peke yake. Wengine wote walijipanga nyuma ya Nyegere, asiyeogopa hata simba.

“Pofu humwamkia adui,” alisema Nyegere. “Mimi simwamkii mtu.”

Akauongoza mlolongo wake mtoni wakanywe, akamwamuru Kiboko awapishe. Kiboko akapanua kinywa. Hakuna aliyethubutu kusogelea maji, na makoo yamekauka.

Pofu akapita mbele taratibu, Digidigi nyuma yake. “Shikamoo, mzee. Watoto wako wana kiu.”

“Marahaba,” Kiboko akajibu, akajisogeza kando.

Walipokwisha kunywa, Nyegere alijifuta mdomo, akaenda kusimama nyuma ya Digidigi.

“Hesabuni upya,” alisema.