Simu ya Meza ya Nne

"Bibi, umeiona alama ya gurudumu lenye meno?"

"Meno nimeyaona, mjukuu wangu. Ni yangu mwenyewe. Kioo cha simu kimezima, najitazama."

Chiriku akavuta pumzi. Jina hilo walimpa wenzake kwa kusema haraka mno, na ndiko kulikotaka kumponza. Miezi mitatu ya majaribio kwenye kituo cha kuhudumia wateja wa simu, na kila ripoti yake iliandikwa maneno yale yale: punguza mwendo. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Walikuwa wanne, yeye meza ya nne, nafasi ya kazi moja.

"Mkaguzi atampigia kila mmoja wenu kabla ya saa tano," msimamizi aliwaambia asubuhi. "Akikuta laini yako bize, shauri yako. Hapigi mara mbili."

Mkaguzi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Wao walimchora vichwani tu: tai, miwani, sauti ya radi.

Sasa ilikuwa saa nne na robo, na Chiriku alikuwa ameshikwa na bibi. Intaneti ya nyumbani kwake imekatika, ana barua kwenye laptopu, watu wanaisubiri. Kasikia kwamba simu ya mkononi inaweza kuigawia laptopu mtandao. Inagawaje?

"Nakupigia kwa kitochi," bibi alieleza, "ile simu kubwa iko hapa mezani. Na wewe ni wa nne leo. Wa kwanza kaniambia nizime niwashe. Nikazima, nikawasha, kumbe naye kashakata."

"Pole, bibi. Mimi sikati. Gusa kioo, kiwake. Haya, gurudumu."

"Nimelipata."

"Ingia hapo, tafuta palipoandikwa mtandao na intaneti. Halafu mtandaopepe, ndio wa kuigawia laptopu. Usiwashe kwanza, tuweke neno la siri, herufi nane."

Kitanda cha chuma kikalia, au labda kiti.

"Nimeweka jina la paka wangu."

"Usinitajie, bibi! Ni siri."

"Sijakutajia. Ila limegoma, Shemeji lina herufi saba tu."

Chiriku akaziba mdomo kwa kiganja. "Paka anaitwa Shemeji?"

"Akija ni kula, akishiba ni kulala. Ungemwitaje?"

"Basi ongeza namba mwishoni. Usiniambie ipi!"

Wenzake watatu waligeuka kumtazama. Laini zao zilikuwa wazi, migongo imenyooka, mikono juu ya meza, wanaisubiri simu ya maana. Mmoja akamwonyesha saa ya ukutani. Saa nne na nusu.

Wakawasha mtandaopepe. Wakalitafuta jina la simu kwenye laptopu, wakalipata, wakaingiza neno la siri, likakataa, wakaingiza tena polepole, likakubali. Chiriku alikuwa karibu kupiga makofi.

"Mtandao umeingia," bibi akasema. "Lakini unakokota miguu. Barua haiendi."

"Simu umeiweka wapi?"

"Nimeipandisha juu ya kabati, isianguke."

"Ishushe, iweke karibu na dirisha na karibu na laptopu. Ichomeke kwenye chaji. Kama umewasha kiokoa betri, kizime. Na kule kwenye mtandaopepe, kama kuna pa kuufanya ujizime wenyewe, pazime, usije ukazimika katikati."

Bibi aliyafanya yote, moja moja, akiyatangaza kama mtu anayesoma orodha ya wageni. Mtandao ukashika kasi. Kisha ukalegea tena. Ukashika, ukalegea.

Saa tano kasoro kumi.

"Mjukuu wangu, kama una kazi nyingine, niache tu. Nitajaribu kesho."

Chiriku aliitazama taa ya laini yake, nyekundu tangu saa nne na robo. Angeweza kusema samahani. Sekunde mbili tu, na taa ingekuwa ya kijani. Ulimi ulishafika kwenye meno.

"Hapana, bibi," akasema, na safari hii alisema taratibu. "Hebu niambie. Simu ikifanya kazi hii hupata joto. Na Shemeji yuko wapi?"

Nyayo zikasikika zikielekea dirishani.

"Ala! Kailalia! Kaifunika yote, kama kuku na yai!"

"Mwondoe, tafadhali."

"Shemeji, toka! Toka, we!" Kitu kikaanguka, kitu kikanguruma. Halafu sauti ya bibi ikarudi, imetulia. "Imeenda. Barua imeenda yote. Mungu akuweke, mwanangu."

Taa ikawa ya kijani. Saa tano na dakika mbili.

Chiriku akavua hedifoni, akakusanya kikombe chake, sweta na kalamu mbili, kisha akaenda kwenye meza ya msimamizi kabla hajaitwa. Bora aibu ya kujitakia.

"Laini yako ilikuwa bize dakika arobaini na saba," msimamizi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Najua, bosi. Kulikuwa na bibi. Nilishindwa kumwacha. Mkaguzi hakunipata, naelewa."

"Wenzako wananiambia hata wao Mkaguzi hajawapigia." Msimamizi akajikuna kidevu. "Ajabu, maana barua yake ya majibu imeingia sasa hivi. Soma mwenyewe."

Akageuza kioo. Barua ilikuwa fupi:

"Samahani kwa kuchelewa, mtandao wa hapa kwangu ulikatika kweli. Meza ya kwanza, ya pili na ya tatu wote waliniambia nizime niwashe. Kazi mpeni wa meza ya nne. Shemeji anamsalimu."